Jina la Mwimbaji ni Mali ya Nani?

Wako watu wenye heshima zao, wanaoona haya kumsema jirani, ambao hawaoni haya hata kidogo kumsema mwimbaji. Akitajwa jirani hushusha sauti. Akitajwa mtu wa ngoma, wa santuri au wa sinema, hunena waziwazi mbele ya watoto: ana wake wangapi, anakunywa nini, ana ugonjwa gani, na hasa utajiri wake ameupata kwa njia gani. Ukiwauliza, wana jibu tayari: "Amejitakia mwenyewe. Kama hapendi kusemwa, angebaki kwao akalima pamba." Twapenda kuipima hoja hii, maana si hoja ya kijinga, tena katika nchi ya Usukuma ina historia ndefu, na madhara yake hayakuishia katika uwanja wa ngoma.

Mtu atokaye Mwanza mjini kwa njia ya Musoma, akifika Kisesa aweza kupinda na kwenda Bujora. Hapo, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kukusanya ngoma, viti vya enzi vya watemi na vyombo vya kale, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma. Hapo pia, mwezi wa Juni, hufanyika sherehe ya Bulabo, ambayo asili yake ni Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Neno lenyewe kwa Kisukuma maana yake ni maua. Watu huja kwa wingi, na wengi wao, tusidanganyane, huja kwa ajili ya mashindano ya ngoma.

Mashindano hayo ni ya Bagika na Bagalu. Yasimuliwa kwamba vyama hivi viwili vilianza katikati ya karne ya 19 kwa watu wawili, Ngika na Gumha, wote wawili waganga na wote wawili wachezaji hodari, ambao walishindana ijulikane ni nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi. Mtu asiyepata kuona mashindano ya Kisukuma hudhani kwamba kundi moja hucheza, na likimaliza lingine huingia. Sivyo. Kwa desturi makundi mawili hucheza saa ile ile, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kukimbilia wapendako. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju wa ngoma hufanya kila njia. Huleta vinyago vya mbao vyenye viungo vinavyochezeshwa, huleta chatu, huzua michezo ya kuchekesha na ya kutisha, na katika nyimbo zake huwarushia wenzake wa upande wa pili maneno makali ya kejeli. Tena tangu zamani yasemwa kwamba hutumia samba, yaani dawa ya mvuto, ili macho ya watu yasiweze kumwacha.

Hapo ndipo uvumi huanzia. Kundi lililoachwa na watazamaji ni shida kusema, "Wenzetu wameimba vizuri kuliko sisi, wamefanya mazoezi zaidi, na mtungaji wao ana akili." Ni rahisi zaidi kusema, "Wametufanyizia dawa." Mshindi naye hakani sana, kwa sababu kuogopwa kwa dawa ni sehemu ya sifa yake. Ngika na Gumha hawakuona haya kuitwa waganga. Ndiyo ilikuwa kazi yao. Basi yatupasa kukubali tangu mwanzo kwamba watu wa ngoma mara nyingi huulisha uvumi kwa mikono yao wenyewe, kama mtu afugaye mbwa mkali ili mlango wake uogopwe.

Je, si haki basi kuwasema? Wanaojibu kwamba ni haki husahau kutofautisha mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana. Manju wa Bagika akimkejeli manju wa Bagalu uwanjani, hata akimtajia umaskini wake, sura yake na mke aliyemkimbia, yule anayekejeliwa yupo. Anasikia. Ana ngoma yake, ana waitikiaji wake, na kabla jua halijatua atakuwa amekwisha kujibu. Watazamaji wanajua kwamba huo ni mchezo wenye sheria zake, na jioni manju hao wawili huweza kuonekana wakinywa pombe katika kibuyu kimoja. Uvumi si hivyo. Huo ni neno linalosemwa njiani, watu wakirudi makwao, na mwenyewe hayupo. Hauna mtungaji anayejulikana, hauna siku wala shahidi, na kwa sababu hiyo hauwezi kujibiwa hata na mtu mwenye sauti nzuri kupita zote.

Siti binti Saad wa Unguja aliyajua mambo haya yote mawili. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba maskini ya watu wenye asili ya bara, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu kwa kutembeza kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri, naye ni katika waimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo. Santuri zake zilivuka bahari na kuingia bara. Alipopata sifa, wako waliokumbuka ghafla ukoo wake, umaskini wake wa zamani na sura yake, wakamtungia hata wimbo wa kumdhihaki. Akawajibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo lililodumu. Shaaban Robert aliona maisha ya mama huyu yastahili kuandikwa, akamwandikia wasifu. Lakini tuangalie vizuri: Siti aliweza kujibu kwa sababu dhihaka ile ilikuja kwa wimbo, mchana, mbele ya watu. Yale yaliyonong'onwa barazani hakuwa na wimbo wa kuyajibu, kwa kuwa hakujua ayajibu kwa nani.

Wala mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya Afrika peke yake. Katika miaka ile ile ambayo Padre Clement alikuwa akikusanya ngoma Bujora, huko Marekani ulikuwa ukienea muziki wa roki, na waimbaji wake wa kwanza walizingirwa na maneno kuliko watu wote wa wakati wao. Mwaka 1957 zilienea habari kwamba Elvis Presley, kijana mzungu aliyepata utajiri kwa kuimba muziki ambao sehemu kubwa ya asili yake ni ya watu weusi, alisema kwamba watu weusi hawana faida kwake ila kununua santuri zake na kumpigia viatu rangi. Wengine walisema aliyatamka hayo Boston. Wengine walisema aliyatamka katika televisheni, katika kipindi cha mtangazaji mashuhuri Edward Murrow. Gazeti la Jet, lililoandikwa na watu weusi kwa ajili ya watu weusi, halikutaka kurudia maneno yaliyokuwa mitaani. Lilimtuma mwandishi wake Louie Robinson ayafuatilie. Alimwendea Elvis mwenyewe, naye akakana. Akawauliza na watu weusi waliomjua. Hakupatikana mtu aliyesikia maneno yale, na katika kipindi cha Murrow mwimbaji huyo hakuwa ametokea kamwe. Jet ikachapa matokeo hayo mwaka ule ule. Hata hivyo maneno yale yaliendelea kurudiwa kwa miaka mingi baadaye, na hata leo wako wanaoapa kwamba ni kweli.

Kwa nini? Sisi twaona sababu moja kubwa, nayo haitokani na Elvis. Watu weusi wa Marekani walikuwa na jeraha la kweli. Walikuwa wameona muziki wao ukichukuliwa na faida yake ikienda kwa wengine. Walikuwa wakikataliwa katika shule na mikahawa. Uvumi ulilikuta jeraha hilo likiwa wazi, ukakaa. Neno la uongo lilionekana kuwa kweli kwa sababu maumivu yalikuwa kweli. Ndiyo maana ni vigumu kuung'oa uvumi wa namna hii: ukimwambia mtu kwamba habari hiyo si kweli, yeye husikia kana kwamba umemwambia jeraha lake si kweli. Mwandishi wa Jet alistahili heshima kubwa, maana alikuwa na jeraha lile lile, akauliza maswali hata hivyo.

Lakini wako watakaotuambia: mbona basi mengine yaliyosemwa juu ya waimbaji hao yalikuwa kweli? Yalikuwapo. Mwezi wa Mei mwaka 1958 Jerry Lee Lewis, mwimbaji mwingine mkubwa wa roki, aliwasili London akiwa na mkewe, na waandishi wa magazeti wakagundua kwamba mke huyo alikuwa binti wa miaka 13, tena ndugu yake wa damu, hali yeye mwenyewe alikuwa na miaka 22. Maonyesho yake yakavunjwa baada ya siku chache. Je, waandishi wale walikuwa wasengenyaji? Hatuwezi kusema hivyo. Palikuwa na mtoto nyuma ya jambo lile. Mtu anayenyamaza wakati mtoto yumo hatarini hamlindii mwenzake heshima. Anamlindia nafasi ya kudhuru. Kama magazeti yale yalifanya hivyo kwa upendo wa mtoto au kwa kupenda kuuza nakala nyingi, hilo ni jambo jingine, nasi twashuku kwamba lile la pili lilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo jambo lenyewe lilipaswa kusemwa.

Waliofundishwa katekisimu wakiwa watoto wanakumbuka kwamba amri ya nane haikatazi uongo peke yake. Kumzulia mtu asilolifanya ni kusingizia. Kutangaza kosa lake la kweli lililofichika, pasipo sababu ya haki, ni kusengenya. Na kuamini moyoni ubaya wa mwenzako bila ushahidi wa kutosha ni kumhukumu kwa haraka, hata kama hukufumbua mdomo. Watu wengi huijua dhambi ya kwanza. Ya pili huwashangaza. "Lakini ni kweli!" wasema, kana kwamba ukweli wa neno umekwisha kuwapa ruhusa. Kumbe swali linabaki: kweli hiyo inamlinda nani? Katika habari ya Jerry Lee Lewis jibu lilikuwapo, tena lilikuwa na umri wa miaka 13. Mara nyingi jibu halipo.

Tuchukue habari ya Franco Luambo Makiadi, ambaye nyimbo zake zilipigwa katika kila mji wa Ziwa, kutoka Mwanza hadi Bukoba. Mwaka 1987 alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI. Baadaye alidhoofika, na tarehe 12 Oktoba 1989 akafariki Ubelgiji. Kabla na baada ya kifo chake watu walizungumza juu ya jambo moja tu: ni ugonjwa gani uliomwua. Tuseme wangepata jibu lenye hakika. Wangefanya nalo nini? Halikuwa la kumtibu wala la kuwafariji watoto wake. Lakini wako waliosikia mazungumzo hayo wakiwa wamenyamaza, nao ni wagonjwa waliokuwa wameketi katika baraza zile zile. Walijifunza siku ile namna watakavyosemwa wao. Mpaka leo, ingawa dawa za kurefusha maisha zipo na hutolewa bure, wako wanaopanda basi kwenda kuzichukua katika wilaya nyingine ili wasionekane na majirani. Marehemu Franco hadhuriki tena na maneno ya watu; hao wanadhurika.

Kifo cha mwimbaji, kwa jumla, hakiachwi kiwe kifo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka mji ule ule, alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi wa Januari mwaka 1979. Barabara zetu huua wakulima, walimu na wachuuzi kila juma, wala hakuna aulizaye zaidi ya mwendo wa gari na ulevi wa dereva. Bali akifa mtu wa muziki, barabara peke yake haitoshi. Lazima atafutwe mpinzani mwenye wivu, au mganga, au ahadi fulani iliyovunjwa.

Siku hizi samba imepata jina la kigeni. Kijana akitunga wimbo ukapendwa, akanunua gari, watu husema kwamba ameingia Freemason. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu aliyezaliwa Shinyanga, alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, maneno ya Freemason yalienea nchi nzima kabla hata hajazikwa. Madaktari waliupima mwili na kueleza kwamba ubongo ulikuwa umepata mtikisiko. Baadaye, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kuua bila kukusudia. Habari hizo zote zilichapwa magazetini. Hazikuwa na nguvu ya kushindana na ile nyingine, kwa maana ile nyingine ilikuwa tamu zaidi kusimulia. Mama aliyempoteza mwanawe ilimpasa kuomboleza huku akisikia kwamba mwanawe aliiuza roho yake.

Na sasa twafikia sababu iliyotufanya tuandike. Mtu aweza kusema kwamba maneno ya samba na ya Freemason ni mchezo, ni chumvi ya mazungumzo. Tungekubali kama yangeishia kwa waimbaji. Lakini yana fundisho ndani yake, na watoto hulisikia hata kama wakubwa hawalisikii: kwamba hakuna mtu anayepata kitu kwa kipaji na jasho; kwamba kila aliyefanikiwa ana dawa, na kila aliyepatwa na baya amefanyiziwa na mtu. Fundisho hilo likikaa katika nyumba, haliulizi tena kama mtu ni manju mwenye ngoma ya kujibia.

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya 1970, wanawake wazee kwa mamia juu ya mamia wameuawa kwa mapanga, usiku, kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kuni zikiwa mbichi au zikiwa za mabua na samadi, kwa kuwa miti imekwisha. Bibi huyo alikuwa amepika ugali wa watoto na wa wajukuu, labda na wa muuaji wake. Hakuna aliyeanza kwa kuchukua panga. Kwanza palikuwa na mtoto aliyeugua, au ng'ombe waliokufa, kisha neno dogo kisimani, kisha mpiga ramli, na mwisho vijana wa kukodiwa. Tena kuanzia mwaka 2007 ilifuata zamu ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, albino, waliouawa na kukatwa viungo katika mikoa hii ya Ziwa, kwa sababu ilivumishwa kwamba viungo hivyo huleta samaki katika wavu na dhahabu katika shimo. Mwaka 2009 Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitokwa machozi Bungeni kwa ajili ya mauaji hayo. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria yaweza kumfunga mpiga ramli. Haiwezi kumfunga mtu anayesema tu, akiwa ameketi kwake, kwamba mvuvi yule hapati samaki wale bure.

Hatusemi kwamba kila anayemsema mwimbaji atakuwa muuaji. Hilo lingekuwa neno la kipumbavu. Twasema kwamba hoja ni ile ile. Aliyezoea kuamini kwamba sauti ya manju yatokana na dawa, bila kuona dawa wala kumjua aliyeiona, amekwisha kujizoeza namna ya kufikiri, na jirani yake aliyepata mavuno mazuri ana sababu ya kuogopa. Manju ataogopwa na ataongeza watazamaji. Bibi kizee hana uwanja, hana waitikiaji, na hana mtu wa kusimama naye mlangoni usiku.

Ni nini basi haki yetu juu ya mwimbaji? Wimbo wake, aliotupa kwa hiari. Tuupime: kama ni mbaya tuseme ni mbaya, kama unawafundisha vijana upotovu tuukemee waziwazi, kwa jina lake, naye ajibu akitaka. Ahadi alizotoa na fedha alizopokea kwa kazi yake zaweza kuulizwa. Mtu aliyemdhuru ana haki ya kwenda mahakamani, nasi tuna wajibu wa kumsaidia. Zaidi ya hayo, chumba chake, kitanda chake cha ugonjwa na kaburi lake ni vyake, kama vilivyo vya mkulima wa pamba ambaye hakuna amjuaye.

Habari hizi siku hizi huingia nyumbani kwa simu, na mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kuzileta mezani. Wazazi hawana haja ya kumkemea. Wamwulize yale aliyouliza mwandishi wa Jet mwaka 1957: ilisemwa wapi, lini, na nani aliyesikia kwa masikio yake? Na waongeze lile la mtoto wa London: ikiwa ni kweli, inamlinda nani? Mara ya kwanza mtoto atacheka. Akishindwa kujibu, basi habari hiyo isitoke tena katika nyumba ile kwenda kwa mwingine, wala kwa shangazi, wala kwa kundi la kwaya.